Zamu ya Jumatatu

Mwaka wa tatu wa chuo niliumaliza nikiishi chumba kimoja na mama yangu mzazi, naye akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu kama mimi. Watu wakisikia hucheka. Wacha wacheke. Hawajawahi kugombania ndoo ya maji ya kuoga alfajiri na mtu aliyewazaa, wote wawili wana kipindi cha asubuhi, na mmoja wao ana haki ya kusema, "Mimi ndiye niliyekuzaa, pisha."

Tulipanga mtaa wa Mandewa, mjini, nyumba ya vyumba vitatu na sebule. Chumba kimoja tulikaa mimi na mama. Cha pili alikaa kijana wa Kinyiramba kutoka Kinyangiri, anasoma sheria. Cha tatu mwenye nyumba alikuwa amejaza magunia yake ya alizeti akisubiri bei ipande, na panya wa mtaa mzima walikuwa na habari hiyo. Mimi nilikuwa nasoma takwimu, mama anasoma elimu. Sebuleni kulikuwa na meza moja tu, kwa hiyo jioni vitabu vya fani zote tatu vilikaa pale pamoja na bakuli la mlenda.

Kijana wa sheria alikuwa na ugonjwa ambao naona unawapata wote wakifika mwaka wa tatu: hawezi tena kuongea kama mtu. Ukimwambia amechukua kijiko chako, anakuuliza umiliki wako unathibitishwa na nini. Mimi nami nilikuwa na wa kwangu. Siamini jambo lolote mpaka nijue waliulizwa akina nani, na waliulizwaje. Mama alikuwa na falsafa ya elimu na saikolojia ya mtoto muhula ule, na alikuwa akitutazama sisi wawili kama mifano iliyotoka kitabuni ikaja kula ugali wake. Tulikuwa tunakula kama kamati. Nilipenda sana jioni zile, ingawa wakati ule nilikuwa nalalamika kutwa.

Mama ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mungaa, kijijini kwetu. Alianza na cheti, akaongeza stashahada nikiwa sekondari, na shahada aliianza mwaka uleule nilioanza mimi, wala hakuniambia, mpaka nilipomkuta kwenye foleni ya usajili ameshika bahasha kifuani. Nilinuna wiki nzima. Nilidhani nimefika mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia nichane nywele.

Mwaka wa mwisho mwalimu mkuu wake alimpangia vipindi vyote Jumatatu na Jumanne ili siku zinazobaki awe mjini anasoma. Ilikuwa fadhila kubwa, na mama si mtu wa kupokea fadhila akakaa tu. Akaomba apewe zamu ya Jumatatu, kila Jumatatu, mwaka mzima. Mwalimu wa zamu kwetu ndiye anayesimama getini asubuhi na kuwapokea waliochelewa mstari wa kuhesabu namba, na fimbo ya mama ilikuwa inajulikana mpaka vijiji vya jirani. Jumapili jioni anapanda gari kwenda Mungaa, Jumanne jioni anarudi na mayai, maziwa ya mgando na habari za baba na ng'ombe wake.

Fadhila yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja. Mwalimu mkuu alimwambia wazi kwamba mwakani haitawezekana, shule ina walimu wachache. Mama alikuwa na nafasi hiyo moja ya kumaliza. Na juu ya hapo alikuwa ameshawaahidi wanafunzi wake, wamesimama kwenye mstari, kwamba siku akimaliza ataingia getini na joho lake, wamwone mtu mzima aliyesoma mpaka mwisho. Mama hana desturi ya kuwadanganya watoto.

Kilichokuwa kinamzuia kumaliza ni utafiti.

Pale chuoni kozi ya utafiti ilikuwa ya wote wa mwaka wa tatu. Watu wa uhasibu, wa sheria, wa mazingira, wa elimu, wa takwimu, wote mnarundikwa ukumbi mmoja, kila mmoja na mada yake. Mmoja anachunguza vitunguu vya Mkalama, mwingine migogoro ya mashamba, mwingine maji ya visima. Kila mtu alikuwa anaona mada ya mwenzake ni ya kitoto. Mada ya mama ilikuwa utoro katika shule yake mwenyewe: kwa nini watoto hawaji.

Mhadhiri wa kozi ile alikuwa kijana, tena kijana kweli, amekulia Dar es Salaam, shati limepigwa pasi hadi linaogopesha. Siku ya kwanza aliingia, akawasha kipaza sauti, akataka kuanza, akamwona mama kwenye mstari wa mbele na miwani yake na kitenge. Akasita. Kisha akainama kidogo na kusema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima tukasikia, "Shikamoo mama." Mama akajibu marahaba, akamwuliza hajambo, akamwuliza na waliomlea hawajambo. Nilitamani kuingia chini ya meza. Na kuanzia siku hiyo hakuwahi kufundisha bila kupita kwanza kwa mama.

Basi ndiye aliyepangiwa kumsimamia. Ofisini kwake kulikuwa na viti viwili, kimoja kimevunjika mguu. Mama akiingia, kijana anainuka, anapokea mkoba, anampa kile kizima, na yeye anabaki amesimama karibu na dirisha mikono nyuma. Alikuwa anasimamia utafiti kwa kusimama kweli. Mama alinisimulia hayo kwa fahari, kwamba kijana yule kalelewa.

Mama alipompelekea sura ya nne, ile inayotakiwa kueleza ulichokikuta kwa watu uliowauliza, kijana aliisoma, akasema, "Mama, kazi ni nzuri sana. Labda tuitazame tena kidogo."

Mimi ningesikia hivyo ningelia palepale. Mwanafunzi yeyote wa rika letu anajua "labda kidogo" ya mhadhiri maana yake choma moto uanze upya. Lakini mama, maisha yake yote, watu wadogo wamekuwa wakimwambia labda. Watoto wanamwambia labda, walimu wapya wanamwambia labda, mkwe wake anamwambia labda. Kwake ile ilikuwa adabu tu. Akarudi nyumbani anaimba, akatuambia mhadhiri kaipenda hadi anataka kuisoma tena.

Akaipeleka tena vilevile, amesahihisha nukta. Kijana akasema ni nzuri zaidi, labda tungeongeza sauti za wazazi. Mama akaongeza ukurasa wa kuwashukuru wazazi.

Nikaichukua siku moja mama akiwa Mungaa, nikaisoma. Jamani. Kulikuwa na kichwa cha habari kinasema matokeo, na chini yake mahubiri. Mzazi anatakiwa amwamshe mtoto mapema. Mzazi anatakiwa ajue thamani ya elimu. Ukurasa baada ya ukurasa, kwa Kiswahili safi kabisa, na hakuna mahali mzazi hata mmoja amesema kitu. Na kisa cha kutosema nilikiona. Mama alikuwa ameenda nyumba kwa nyumba mwenyewe, amevaa kama anavyovaa shuleni. Wamempa kigoda, wamempa uji, wamemwamkia, akawauliza kwa nini watoto wenu hawaji shuleni. Wakasema hawajui, mwalimu, watoto wa siku hizi. Wangesema nini kingine? Hivyo mama akaona majibu hayana maana, akaandika ya kwake.

Nilijaribu kumwambia. Alipokuwa anapepeta mchele nikaanza kwamba kwenye takwimu sisi tunaangalia sana nani anauliza. Akainua macho juu ya miwani. Nikasema nilikuwa nauliza kama chumvi ipo. Kijana wa sheria alikuwa ameapa kwamba yeye atasema, hoja anazo tatu. Alipofika mezani akamwamkia, akamsifu kwa mlenda na akala.

Na siku zilikuwa zinakwenda. Utafiti ulitakiwa kutetewa mbele ya wahadhiri wawili mwisho wa muhula, na wa pili alikuwa mzee mmoja kutoka idara nyingine asiye na habari ya mama wala baba. Huyo angeifungua sura ya nne na kuirudisha, na mama angerudi Mungaa bila shahada na bila mwaka mwingine wa kujaribu. Mhadhiri alilijua hilo, mimi nililijua, kijana wa sheria alilijua. Sisi sote tulimheshimu mama kiasi cha kumwacha aanguke. Nilikuwa na hasira, tena hasira ambayo huna wa kumrushia.

Katikati ya hayo akafariki mjomba wake mama, mzee aliyemlea alipokuwa mdogo. Tukaenda Mungaa. Mama alimlilia vibaya, nikamwona kwa mara ya kwanza hana la kumwelekeza mtu. Siku ya maziko likaja gari la chuo, wanafunzi wenzake wamechangishana, na mhadhiri yumo, shati jeusi limenyooka vilevile.

Sasa, msiba kwetu una watani wake. Sisi Wanyaturu na Wanyamwezi tunataniana tangu huko nyuma, na kazi ya mtani msibani ni kuharibu huzuni. Anapika, anachota maji, lakini pia anamtukana marehemu, anaficha jembe la kaburi, anampaka unga anayejifanya mkubwa, na huruhusiwi kukasirika. Pale kijijini tuna mama mmoja wa Kinyamwezi, aliolewa pale zamani, huwa anamwita mama yangu mtumwa wake hadharani na mama anamwita mwizi wa kuku. Siku hiyo alikuwa amevaa pama ya marehemu, kofia kubwa ya ukindu, ameshika na fimbo yake, anatembea kama yeye na kudai togwa kwa sauti yake. Watu walikuwa wanalia na kucheka kwa pamoja.

Alipomwona mhadhiri anasalimia wazee kwa unyenyekevu wake ule, akamwendea, akamwuliza kwao wapi. Kijana akasema Dar. Akaambiwa Dar si kwao mtu, babu yake alizikwa wapi. Akasema babu alizikwa Urambo, Tabora, yeye alifika mara moja tu akiwa mdogo. Yule mama akapiga kigelegele, kumbe Mnyamwezi mwenzake. Kiganja kizima cha unga kikatua usoni kwa mhadhiri, pama ikatua kichwani, fimbo ikatua mkononi. Akaambiwa afanye kazi ya ukoo wake, hawa wote ni watumwa wake, waseme nini.

Nikamwonea huruma. Shati jeusi limekuwa jeupe, wanafunzi wake wamekodoa, naye amesimama tu kama alivyozoea kusimama ofisini. Wazee wakaanza kumzomea kwamba Wanyamwezi wa mjini hawana ulimi. Alitazama huku na huku, halafu akamtazama mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, analia. Akamfuata. Akaegemea ile fimbo. Nadhani hata yeye hakujua atasema nini mpaka alipofungua mdomo.

"Wewe Mnyaturu," akasema, "lia vizuri. Kilio chako ni kama ile sura yako ya nne. Kirefu, kina sauti, na mtu akimaliza kukisikiliza hajui kimetokea nini."

Wanawake wa mkekani wakageuka kumtazama. Wanafunzi wenzake mama nikawaona wanatazama chini. Mama akaacha kulia. Akamtazama kijana kuanzia viatu hadi pama, na uso wake ukawa unafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akalala ubavu kwenye mapaja ya shangazi yangu, anacheka na machozi yanatoka, na wote tukacheka naye, na yule mama wa Kinyamwezi akamkumbatia mhadhiri na kummalizia unga uliobaki. Mjomba tulimzika vizuri siku ile.

Jioni, gari likiwa linasubiri, mhadhiri alikuwa pembeni ya nyumba ya tembe ananawa uso. Pama ameiweka juu ya jiwe. Mama akamfuata, na mimi nyuma yake na birika la maji. Kijana akaanza kuomba radhi, mama samahani sana, haikuwa nia yangu, labda pale nilizidisha kidogo. Mama akaokota pama, akaipangusa, akampa.

"Vaa," akamwambia. "Sasa sema tena, yote."

Akavaa. Na haki ya Mungu, akasema. Alimwambia ile si sura ya nne, ni hotuba ya siku ya wazazi. Akamwambia ameenda kuwauliza watu huku amewafunga midomo kwa ukubwa wake, halafu akajijibu mwenyewe, na mtahini wa pili ataitupa. Kila sentensi alikuwa anaianza na wewe Mnyaturu. Mama alisikiliza mpaka mwisho mikono kiunoni. Alimrudishia machache kuhusu Wanyamwezi na uvivu wao, maana utani hauachwi uende upande mmoja, halafu akamwuliza afanye nini. Wakaongea pale mpaka dereva akapiga honi.

Pama mama alimwachia. Ikawa inakaa ofisini kwake kwenye msumari. Mama akiingia, kijana anainuka, anasema shikamoo, anapokea mkoba, anampa kiti kizima. Halafu anaivaa pama, anaketi kwenye kile kibovu, na kazi inaanza. Niliwahi kupita dirishani nikawaona wanafokeana, na sijawahi kuona mama amechangamka vile.

Kuhusu wazazi, akili ilikuwa ya mama mwenyewe. Alimwomba yule mama wa Kinyamwezi aende yeye. Mama akabaki shuleni, na mtani akapita nyumba zilezile na maswali yaleyale, ila kwa namna yake: kwamba nyie wavivu mnawaficha watoto wenu ndani ya magunia, semeni, kwa nini hawaji kusoma. Na watu wakasema. Alikaa nao kwenye vigoda vilevile alivyokalia mama.

Jumanne hiyo mama alirudi Mandewa bila mayai. Akakaa kitandani na viatu vyake, na mkoba mapajani. Nilidhani baba anaumwa. Nikamwuliza mara ya pili ndipo akasema.

Watoto wengi wanatoa ndama na mbuzi asubuhi kabla ya shule, na wengine wanatoka mbali, hivyo wanachelewa. Siku nyingine wakichelewa wanaingia tu, wanafagia uwanja kama adhabu, yanaisha. Lakini Jumatatu, kabla ya kufika getini, wanapanda kwenye yale majabali yaliyo mkabala na shule. Wanachungulia. Wakimwona mama amesimama na fimbo, wanakaa nyuma ya mawe mpaka mchana, halafu wanarudi nyumbani na madaftari yao. Wazazi wote wanajua. Wengine walikuwa wanawaambia wenyewe, ukichelewa leo usiende, leo ni zamu ya yule.

"Ni mimi," mama akaniambia. "Utoro wa Jumatatu ni mimi."

Jioni ile kamati ilikaa kweli. Mama aliweka jambo mezani kama lilivyo. Wazazi wametoa sababu nyingine pia, umbali, mifugo, njaa ya mwezi wa pili. Hizo peke yake zinatosha kujaza sura. Je, ile ya mwalimu wa zamu lazima iandikwe? Nakala za ripoti zitapelekwa kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu. Shule ni moja, mwenye zamu ya Jumatatu ni mmoja, hakuna wa kuuliza ni nani.

Kijana wa sheria akakohoa, akasema kwamba hakuna mtu anayelazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Nikaona alikuwa anasema kwa upendo, na ilikuwa hoja nzuri kabisa, na ilinipandisha hasira. Sijui nilipata wapi mdomo siku hiyo. Nilimwambia mama kwamba kwenye fani yangu jibu haliondolewi kwa sababu limemuuma aliyeuliza. Ukiliondoa hilo, nikasema, na hayo mengine yote ni mahubiri, utakuwa umerudi palepale.

Mama hakuniangalia juu ya miwani. Aliivua, akaifuta na ncha ya kitenge muda mrefu. Akasema kwenye saikolojia ya mtoto wamefundishwa muhula huu kwamba mtoto mwenye hofu hasikii unachomfundisha, na yeye alijibu swali hilo kwenye mtihani akapata alama za juu darasa zima. Kisha akatuambia tuondoe vyombo, anataka meza.

Siku ya kutetea, mlango uliachwa wazi kwa anayetaka kusikiliza, nikakaa nyuma na kijana wa sheria. Mhadhiri wetu alikuwa mbele bila pama, ameshika kalamu kwa mikono miwili. Alikuwa amepauka kuliko mama. Mtahini wa pili, yule mzee, alifungua moja kwa moja sura ya nne. Akasoma kimya. Akasema imekaa vizuri, sauti za wazazi zinasikika. Ila ana swali. Hapa inasemwa watoto wanamkimbia mwalimu fulani wa zamu. Mbona mtafiti hakumhoji mwalimu huyo apate upande wake? Hilo ni pengo, akasema, tena kubwa. Huyo mwalimu ni nani, na kwa nini hakuulizwa?

Mama alikuwa amesimama. Aliweka mkono juu ya meza.

"Ni mimi," akasema. "Na nimemuuliza. Anasema alidhani anawafundisha kuwahi."

Mzee akamtazama. Akavua miwani naye. Halafu mzee akarudi kwenye karatasi, akaandika kitu, akauliza kuhusu marejeo kwenye ukurasa wa mwisho, na mama akamjibu. Alifaulu. Alipewa marekebisho madogo, ya nukta, ambazo kwa kweli hakuwahi kuziweza. Nje ya mlango mhadhiri akamwambia hongera mama, akainama, na mama akamvuta akamkumbatia na kumwambia kwamba kwa Mnyamwezi amejitahidi. Mimi nililia. Sikujali nani ananiona.

Mahafali yalikuwa siku moja, yangu na yake, tumekaa mistari tofauti. Sitayasimulia, kila mtu ameona mahafali. Ninayoyakumbuka ni ya Jumatatu iliyofuata, maana mama aliniomba nimsindikize shuleni.

Tulitoka nyumbani Mungaa mapema, baba akatupungia kutoka zizini. Mama alikuwa amevaa joho lake na kofia yake ya pembe nne, vumbi linapanda kwenye pindo. Wakati tunatoka, fimbo ilikuwa imesimama nyuma ya mlango wa nyumba kama kawaida. Aliipita. Getini akasimama mahali pake pa siku zote, na mimi nikakaa pembeni kwenye jiwe. Waliowahi walimzunguka, wakashika joho, wakauliza kama ni zito. Kengele ikagongwa, wakaenda kwenye mstari. Mama akabaki pale peke yake na upepo wetu wa asubuhi unavuta joho huku na huku.

Ndipo akaja msichana mmoja mdogo, anakimbia, kandambili moja mkononi, miguu ina samadi ya zizini. Alikuwa ametokea upande wa mahindi, hakupita kwenye majabali, kwa hiyo hakuchungulia. Alimwona mama ghafla, akasimama. Alitazama lile joho jeusi, sijui akaona nini. Kisha akaweka kandambili chini, akafumba macho, akanyoosha mkono mbele, kiganja juu. Alivyofanya ilionekana amezoea.

Mama aliutazama ule mkono. Akavua kofia yake, akaiweka kwenye kile kiganja polepole. Mtoto akabaki amefumba, akisubiri ya pili.

"Fumbua," mama akamwambia. "Niliwaambia nitakuja na joho, na hiyo ndiyo kofia yake. Haya, ingia darasani, utanirudishia saa nne."

Msichana akaivaa, ikamfika puani, akaokota kandambili yake na kuingia ndani anatembea. Mama akageuka kuelekea kwenye majabali, akasimama hivyo kichwa wazi, mikono mitupu imening'inia, wanaochungulia waione vizuri. Tulingoja kidogo. Halafu kule juu kikachomoza kichwa kimoja, na kingine, na wakaanza kuteremka.